Ubao wa mawimbi: Anayetoka kwenye mrefu apime lita, si futi peke yake

MTU aliyejifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao mrefu hufika siku akauona ubao huo kuwa mzigo. Ni mzito kuubeba, ni mgumu kuugeuza, na wimbi kubwa linapovunjika mbele yake hauwezi kuzamishwa ili upite chini ya povu. Siku hiyo ndipo hutamani ubao mfupi.

Tamaa hiyo huchochewa na yale yanayoonekana kwenye televisheni. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 na ambayo kwa mara ya kwanza iliujumuisha mchezo huo, washiriki wote walitumia mbao fupi. Bianca Buitendag wa Afrika Kusini alitwaa medali ya fedha upande wa wanawake.

Hata hivyo, ubao wa bingwa si ubao wa mwanafunzi. Kinachomfaa anayetoka kwenye ubao mrefu ni ule wa kati, wenye urefu wa futi 7 hadi 8, na sababu yake ni namna ubao unavyoelea.

Ubao mrefu, yaani wa futi 9 na kuendelea, huelea juu na kushika mwendo upesi mtu anapopiga mikono majini. Kwa hiyo hulidaka wimbi mapema, likiwa bado halijasimama. Ubao mfupi huzama zaidi na huenda polepole, hivyo mtu hulazimika kungoja karibu na mahali wimbi linapovunjika, penye mteremko mkali, na kusimama kwa haraka sana. Akichelewa kidogo, huangushwa au huachwa nyuma.

Hapo ndipo hasara ilipo. Kila wimbi humpa mtu sekunde chache tu za kujifunza akiwa amesimama. Aliyekuwa akidaka mawimbi mengi kwa saa moja, akabaki na mawili au matatu kwa sababu ya ubao mpya, amejinyima mazoezi mwenyewe.

<b>Kipimo cha lita</b>

Urefu peke yake haumwelezi mnunuzi kila kitu, kwa kuwa mbao mbili za futi 7 zaweza kutofautiana mno kwa upana na unene. Kipimo kinachoviunganisha vyote ni ujazo, ambao huhesabiwa kwa lita na siku hizi watengenezaji wengi huuandika kwenye ubao wenyewe.

Kwa makadirio, mtu mwenye uzito wa kilo 70 anayeanza hutumia ubao wa lita 70 au zaidi. Hatua ya pili humfaa ubao wa lita 45 hadi 50, mathalani wenye futi 7, upana wa inchi 21 au 22 na unene unaokaribia inchi 3. Bingwa mwenye uzito kama huo aweza kutumia lita 25 hadi 28 tu. Mzito huhitaji lita zaidi, na mwepesi hutosheka na pungufu.

<b>Umbo na bahari</b>

Aidha, umbo la ubao lilingane na bahari anayoizoea mhusika. Muizenberg, karibu na Cape Town, ni ufuko mashuhuri kwa wanaojifunza, kwani mawimbi yake kwa kawaida ni ya taratibu. Hapo hufaa ubao mpana, wenye ncha ya mviringo na uliolala zaidi kuliko kupinda. Jeffreys Bay, katika jimbo la Eastern Cape nchini humo humo, wimbi hukimbia kwa kasi na kusimama wima. Huko mpindo wa mbele huzuia ncha ya ubao isichome maji.

Mapezi nayo yana kazi yake. Pezi moja kubwa huupa ubao utulivu wa kwenda mbele, ilhali mapezi matatu, mpangilio ulioenezwa na Simon Anderson wa Australia kuanzia miaka ya 1980, hurahisisha kugeuka.

<b>Wakati wa kubadili</b>

Aliye tayari ni yule anayedaka wimbi kabla halijavunjika bila kusukumwa na mtu, anayesimama kwa mkupuo mmoja, na anayeweza kuteleza kulia na kushoto sambamba na wimbi. Anayepanda povu tu karibu na ufuko bado anauhitaji ubao wake mrefu.

Ubao uliotumika si wa kudharauliwa, kwa kuwa ubao wa pili huonja madhila mengi. Mnunuzi auchunguze kama una nyufa zinazoingiza maji, na aepuke ule wenye mkunjo unaokatiza katikati, maana hiyo ni dalili kwamba ulikaribia kuvunjika. Ikiwezekana, auazime kwanza na kuujaribu baharini.

Ubao wa kwanza nao usiuzwe kwa haraka. Zipo siku ambazo bahari hutulia na mawimbi huwa madogo na dhaifu. Siku kama hizo mwenye ubao mfupi hubaki akielea, na mwenye ubao mrefu huendelea kuteleza.