Mbio za peke yako baharini: Kutoka kimya cha miezi hadi nukta kwenye simu

Mkiwa, Singida. Hapa njia panda ya Itigi hakuna bahari, kuna malori. Lakini ukiwa na bando tu, unaweza kujua baharia aliye peke yake katikati ya Bahari ya Hindi amefika wapi. Zamani hata familia yake haikujua.

Zilianzaje?
Mtu mmoja, mashua moja ya matanga, anaizunguka dunia bila kutia nanga bandarini. Mbio za kwanza za hivi, Golden Globe, zilianza Uingereza 1968. Walioondoka ni 9, aliyemaliza ni mmoja: Robin Knox-Johnston, kwa siku 312.

Enzi ya redio
Redio yake iliharibika. Baada ya kuonekana New Zealand Novemba 1968, hakusikika tena hadi Aprili 1969. Mwenzake, Donald Crowhurst, alituma taarifa za uongo kuhusu alipo, na hakukuwa na njia ya kumhakiki. Julai 1969 mashua yake ilikutwa tupu.

Satelaiti zikabadilisha mambo
Siku hizi kila mashua inafungwa kifaa kinachosoma mahali ilipo kwa GPS. Ni kama tajiri anavyoona lori lake lilipo. Tofauti ni kwamba kifaa cha lori kwa kawaida hutuma taarifa kupitia minara ya simu. Baharini hakuna minara, hivyo taarifa inapanda satelaiti, inashuka kwa waandaaji, kisha wewe unaona nukta kwenye ramani.

Nukta inaokoa maisha
Novemba 2022, mashua ya Tapio Lehtinen wa Finland ilizama zaidi ya kilomita 800 kutoka Port Elizabeth, Afrika Kusini. Kifaa chake cha dharura kikatuma ishara kwa satelaiti. Waandaaji wakaangalia nani yuko karibu: Kirsten Neuschäfer, Mwafrika Kusini. Alikesha akiendesha mashua, akamkuta Lehtinen kwenye boti ya kujiokolea baada ya saa 24 hivi.

Aprili 2023 Neuschäfer akashinda mbio hizo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Cha ajabu, sheria zilimtaka atumie njia za 1968, akipima jua na nyota kujua alipo. Mashabiki wenye simu walijua anaongoza. Yeye hakujua hadi alipokaribia kumaliza.

Ukifuatilia, kumbuka
Nukta haisogei kila sekunde. Angalia saa ya taarifa ya mwisho kabla hujatuma kwenye kundi la WhatsApp kwamba fulani kapotea. Huenda ni kifaa tu kimezima, na mwenyewe anapika chai. Nyumbani kwake nako kuna watu wanaiangalia nukta hiyo hiyo.