Kabla ya Daktari wa Simu Kulikuwa na Daktari wa Redio

Wasee, kuna stori inauzwa huku mtandaoni ati matibabu ya mbali yameletwa na kizazi chetu. Weka programu kwa simu, ongea na daktari ukiwa kitandani, hospitali kwaheri. Mimi chuo niliacha, lakini historia sikuiacha, na historia inasema kitu tofauti.

Twende Australia kwanza. Mwaka wa 1928, mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege kwenye mji mdogo wa Cloncurry. Ndege ipo, sawa, lakini mgonjwa aliye mbali kabisa ataiitaje? Fundi mmoja, Alfred Traeger, akaunda redio ya kukanyaga pedeli kama baiskeli, maana huko mashambani hakukuwa na stima. Mwaka wa 1929 ikaanza kazi. Baadaye likaja sanduku la dawa, kila dawa na namba yake. Unaeleza dalili kwa redio, daktari anakuambia utumie namba gani. Mambo yakizidi, ndege inapaa.

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 1957, madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha Flying Doctors ya Afrika Mashariki. Ndiyo hii leo tunaiita AMREF. Miaka ya sitini wakawa na mtandao wa redio, na hospitali ndogo za mashinani zikaweza kuongea na Nairobi. Hebu fikiria nesi aliye peke yake na mgonjwa mahututi, barabara imekatwa na mvua. Ile sauti ya redio ilimpa ushauri, au ilimtumia ndege kutoka Wilson.

Halafu kuna Anne Spoerry, daktari mzaliwa wa Ufaransa aliyejifunza kurusha ndege akiwa amepita miaka 40. Alizunguka zahanati za kaskazini mwa Kenya mpaka Lamu, watu wakamwita Mama Daktari. Mbona hakukaa tu Nairobi akaongea kwa redio? Kwa sababu chanjo haipiti kwenye redio.

Hapo ndipo point yangu iko. Redio haikuchukua nafasi ya ndege. Redio ilisaidia kuamua nani anahitaji ndege.

Leo sheria yetu ya afya ya kidijitali ya 2023 inatambua matibabu ya mbali, na ni poa. Kufuatilia presha, kuelezwa matokeo ya vipimo, kuongea na mshauri ukiwa na msongo wa mawazo: mbona ulipe nauli na upoteze siku nzima kwa foleni? Lakini simu yako haiwezi kukubonyeza tumbo. Kidole tumbo hakijulikani kwa emoji. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua anahitaji mikono, si bando.

Kwa hivyo gavana wako akikata utepe wa huduma ya daktari wa simu, mpigie makofi, kisha umuulize: ambulensi iko wapi, na ina mafuta? Ikiwa hana jibu, basi amewaletea redio bila ndege.

Kwenu ambulensi iko? Niambieni hapo chini.