Kibao cha L kikishang'olewa

Asubuhi, mitaa ya Mwananyamala na Chang'ombe haikosi gari la lena. Linaruka kama chura, linazima, daladala za nyuma zinapiga honi, na mkono wa mwalimu hauachi hendibreki. Mwanafunzi akifaulu mbele ya trafiki, kibao cha L kinang'olewa. Tangu hapo kijana wa miaka 18 mwenye daraja D anaweza kupakia wenzake wanne kwenye IST ya mama na kukata mitaa hadi usiku wa manane. Sheria haina neno naye.

New Zealand ilikuwa na neno mwaka 1987. Dereva mpya alipewa kwanza leseni yenye masharti: kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri haruhusiwi kuendesha peke yake, wala kubeba abiria bila dereva mzoefu kando yake. Florida, Marekani, ikafuata 1996.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, enzi gari binafsi lilipokuwa la wachache na vijana wengi wakianzia utingo kwenye malori. Marufuku ya saa tumewahi kuwa nayo pia: mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jumapili ikifika saa 8 mchana, gari binafsi lisilo na kibali lilitakiwa liwe limeegeshwa. Lakini ile ilikuwa ya kubana mafuta. Mzee na kijana wote walitembea kwa miguu.

Ngazi ya leseni tuliyonayo inamlinda abiria anayelipa nauli. Leseni za kadi zilizoanza 2010 zina madaraja ya A hadi H, na H ndiyo lena yenyewe. Anayetaka daraja C, la mabasi makubwa, lazima awe ameshika C1 au E kwa miaka isiyopungua 3. Wale wanne wa kwenye IST hawakukatiwa tiketi, basi hawamo kwenye hesabu. Kwangu hilo ni pengo.

Ila Mbagala dereva mpya yuko juu ya pikipiki. Kanuni za 2010 ziliitambua bodaboda kuwa usafiri wa biashara, na wengi hufundishwa na rafiki kijiweni. Marufuku ya saa 4 usiku ikitungwa kesho, wa IST atarudi nyumbani. Wa bodaboda saa hizo ndiyo kwanza wateja wanaanza kuja.