Kurudi na Kurudishwa: Kocha wa Zamani katika Historia ya Mpira wa Kongo

1. Utangulizi

Katika mitaa ya Kamalondo, mjini Lubumbashi, karibu na uwanja wa Tout Puissant Mazembe, mjadala kuhusu kocha wa zamani hauishi. Timu ikishindwa mara mbili au tatu, jina la mtu aliyekwisha kuondoka huanza kutajwa tena, na wasikilizaji hugawanyika papo hapo. Jioni moja tulimsikia kijana akimwuliza mzee aliyeketi kando yake: “Baba, juu ya nini bamurudishe?” Mzee alijibu kwa utulivu: “Mutoto, ye anatuyua.” Maneno hayo machache ya Kiswahili cha Lubumbashi yanabeba pande zote mbili za mjadala. Mmoja anadai sababu. Mwingine anaona kwamba kule kujuana ni sababu tosha.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza mjadala huo kwa kupitia matukio ya historia ya mpira wetu. Tutajaribu kuonyesha kwamba wanaotaka kocha arudishwe na wanaomkataa hukosea mara nyingi katika hesabu moja, na kwamba kosa hilo huwadhulumu watu wengi zaidi ya kocha peke yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi kurudi kina maana ya kuja tena mahali mtu alipotoka. Lakini kumrudi mtoto ni kumwonya na kumtia adabu. Kurudisha ni kumfanya mtu au kitu kirudi, ambapo kurudia ni kutenda jambo lile lile mara ya pili. Wanandoa walioachana wakipatana, husemwa kuwa wamerudiana. Na katika lugha ya mpira tuna marudiano, yaani mchezo wa pili baina ya timu mbili, ambamo mabao ya mchezo wa kwanza bado yanahesabiwa. Msomaji ataona hapa chini kwamba maana hizi huchanganyika sana katika vinywa vya mashabiki.

2. Kumbukumbu ya mwaka 1974

Hatuwezi kuzungumza juu ya makocha katika nchi hii bila kumtaja Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyekuwa ameiongoza Moroko katika Kombe la Dunia la mwaka 1970. Mwezi Machi 1974, huko Misri, aliiongoza nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, kulitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha kwa mabao 2 kwa 2, ikabidi ichezwe upya, na Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na Ndaye Mulamba, ambaye alifikisha mabao 9 katika mashindano hayo.

Miezi mitatu baadaye, huko Ujerumani, kocha yule yule aliiona timu ile ile ikifungwa 2 kwa 0 na Scotland, 9 kwa 0 na Yugoslavia, na 3 kwa 0 na Brazili. Katika mchezo wa pili alimtoa mlinda mlango Kazadi Mwamba baada ya bao la tatu na kumwingiza Tubilandu. Kwa kuwa kocha mwenyewe alikuwa Myugoslavia, haikuwa ajabu kwamba wengine walimtilia shaka. Lakini miaka mingi baadaye Ilunga Mwepu, mmoja wa walinzi wa timu hiyo, alieleza hadharani kwamba kabla ya mchezo huo wachezaji walikuwa wamepata habari kwamba fedha walizotarajia hazingewafikia, na kwamba walikataa kwanza kuingia uwanjani.

Mfano huu unatufundisha jambo la msingi. Sifa za Machi na lawama za Juni ziliwekwa juu ya mtu mmoja, ilhali sababu kubwa ya aibu ile ilikuwa katika ofisi, mbali na benchi la kocha. Shabiki anapokumbuka, hukumbuka jina la kocha. Fedha zisizolipwa hazina jina la kukumbukwa.

3. Claude Le Roy: mara mbili kwa Chui

Kisa kilicho wazi zaidi cha kocha aliyerudishwa ni kile cha Mfaransa Claude Le Roy. Alipokabidhiwa timu ya taifa mwaka 2004, Chui walikuwa wametoka kushindwa michezo yao yote mitatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia. Mwaka 2006, huko Misri, aliwafikisha katika robo fainali: waliishinda Togo 2 kwa 0, wakatoka sare ya 0 kwa 0 na Angola, wakashindwa na Kameruni 2 kwa 0, na hatimaye wakaondolewa na wenyeji kwa mabao 4 kwa 1. Kisha akaondoka.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomtukuza. Katika mashindano ya miaka 2008, 2010 na 2012 Kongo haikuwamo. Kadiri miaka ya ukame ilivyoongezeka, ndivyo robo fainali ya 2006 ilivyozidi kung’aa katika kumbukumbu. Aliporudishwa mwaka 2011, waliomtaka walisema kwamba alikuwa mtu wa mwisho kuwapeleka Chui katika mashindano hayo makubwa. Waliomkataa walisema kwamba wakati wake ulikuwa umepita, nao walikuwa na mfano wa kutaja: Le Roy huyo huyo alikuwa ameipa Kameruni ubingwa wa Afrika mwaka 1988, lakini aliporudi kuiongoza katika Kombe la Dunia la 1998, ilipata sare mbili na kushindwa mara moja, ikarudi nyumbani mapema.

Je, nani alikuwa na haki? Chui walifuzu kwenda Afrika ya Kusini mwaka 2013 baada ya kuifunga Guinea ya Ikweta 4 kwa 0 mjini Kinshasa na kushindwa 2 kwa 1 ugenini. Huko walitoka sare na Ghana 2 kwa 2 baada ya kutanguliwa kwa mabao mawili, kisha 0 kwa 0 na Niger, na 1 kwa 1 na Mali. Hawakushindwa hata mchezo mmoja, lakini hawakuvuka makundi. Wa upande wa kwanza wakasema: ametutoa katika ukame. Wa upande wa pili wakasema: safari hii hakufika hata robo fainali. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana mjadala haukuisha.

Historia iliongeza kichekesho chake. Tarehe 31 Januari 2015, mjini Bata, Chui walikutana katika robo fainali na Kongo-Brazzaville, iliyokuwa ikiongozwa na Le Roy. Brazzaville walitangulia 2 kwa 0. Chui, wakiwa chini ya Florent Ibenge, walifunga mabao manne na kushinda 4 kwa 2, na mwishoni wakachukua nafasi ya tatu. Ule ujuzi ambao mzee wetu wa Kamalondo angeusifu, yaani “anatuyua”, siku ile ulikuwa upande wa pili wa uwanja, na haukutosha.

4. Lamine N’Diaye na Mazembe

Turudi Lubumbashi. Msenegali Lamine N’Diaye aliichukua Mazembe mwaka 2010. Mwaka huo huo klabu iliifunga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 katika fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ikatoka sare ya 1 kwa 1 katika marudiano. Mwezi Desemba, huko Abu Dhabi, iliishinda Pachuca ya Mexico 1 kwa 0, kisha Internacional ya Brazili 2 kwa 0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ambamo ilifungwa na Inter ya Milano 3 kwa 0.

N’Diaye aliliacha benchi hilo mwaka 2013, akalirudia mwaka 2023. Katika msimu wa 2023–2024 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Kongo na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikaondolewa na Al Ahly ya Cairo kwa sare ya 0 kwa 0 na kipigo cha 3 kwa 0. Msimu uliofuata haikuvuka makundi. Kwa klabu nyingi, nusu fainali ni sherehe. Kwa mtu aliyeshika Desemba 2010 mkononi, ilionekana kuwa pungufu. Lakini wachezaji wa 2010 hawakurudi pamoja naye.

5. Hitimisho

Wanafunzi wetu wanajua methali za pwani zinazofaa kila upande. Anayetaka kocha arudi atasema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Anayemkataa atajibu: maji yakimwagika hayazoleki. Na anayetaka mgeni atapoozwa kwa kuambiwa kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali haziwezi kukata shauri hili, kwa sababu kila moja inamtazama kocha peke yake.

Kosa la hesabu tulilolitaja mwanzoni ni hili: mashabiki huuchukua muhula wa pili wa kocha kama kwamba ni marudiano. Mmoja humwongezea mabao ya zamani, mwingine humtoza deni la zamani. Lakini muhula mpya huanza 0 kwa 0, kwa wachezaji wengine, wapinzani wengine na hazina nyingine. Kwa hiyo, badala ya kuuliza kama mtu huyu anastahili, tungeuliza kwanza: mara ya kwanza, ni nini kilichomwezesha au kilichomwangusha, na je, hicho nacho kimerudishwa au kimeondolewa?

Swali hili si la mchezo tu. Ibenge alijiuzulu mwaka 2019, baada ya Chui kuondolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti. Naye ndiye aliyewapa nafasi ya tatu ya 2015 na ubingwa wa wachezaji wa ndani mwaka 2016 nchini Rwanda. Siku jina lake litakapotajwa tena, kama linavyotajwa la kila aliyeondoka, itakuwa vema tusimrudishe ili kurudia mwaka 2015, wala tusimkatae ili kumrudi kwa sababu ya mwaka 2019. Wachezaji wa 1974 walibeba kwa miaka mingi aibu ambayo sehemu yake kubwa haikuwa yao. Taifa linaloweka hesabu zote juu ya kichwa cha kocha mmoja huwaachia wengine waondoke bila kuulizwa.