Barua Zilizotiwa Muhuri wa Mfalme

Neno letu la leo latoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu.

Mfalme Ahabu alilitamani shamba lililokuwa karibu na jumba lake. Nabothi akakataa kuliuza, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Sasa angalieni jinsi lilivyochukuliwa. Hakutumwa askari hata mmoja. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri. Wazee wa mji wakazipokea, wakatangaza kufunga, wakaita baraza. Mashahidi wawili wakasema uongo, na Nabothi akapigwa mawe hata akafa. Taratibu zote zilifuatwa, na mtu asiye na hatia akauawa.

Ndugu zangu, sisi wa Kwale, tangu Tiwi na Diani hadi Msambweni na Vanga, twaijua nguvu ya karatasi. Wazee wetu walilitambua shamba la mtu kwa minazi na miembe yake, na kwa ushuhuda wa majirani. Mwaka 1895 Uingereza na Sultani wa Unguja walipatana juu ya utawala wa mwambao, wakulima hawakuulizwa. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi ya pwani: mwenye kudai ardhi alete madai yake mbele ya afisa wa serikali, na ardhi isiyodaiwa ihesabiwe kuwa ya Taji la Uingereza. Mahali pengi pwani, watu wasiojua kusoma, wala kusikia habari za sheria hiyo, walijikuta wageni katika mashamba ya babu zao. Hata leo wajukuu wao wengi huitwa maskwota.

Tulipata Uhuru mwaka 1963. Je, barua zilikoma? Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa ripoti yake mwaka 2004. Ilionyesha jinsi ardhi ya umma, pamoja na misitu na viwanja vya ufuoni, ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa wenye vyeo na rafiki zao, mara nyingi kwa barua tu za ugawaji. Hapo hatuwezi kumlaumu mkoloni. Walioandika, waliopima na waliotia sahihi walikuwa ndugu zetu, na bila shaka wengine walikuja kanisani Jumapili.

Hapo ndipo Neno latugusa. Yezebeli peke yake asingaliweza. Alihitaji wazee na mashahidi. Kama wazee wa Yezreeli wangalikataa kuzitii barua zile, huenda Nabothi angaliishi. Haki ya serikali humtegemea mtawala, na pia humtegemea mwenye muhuri mdogo: karani, mpima ardhi, chifu, mzee wa mtaa, hata mjumbe wa kamati ya kiwanja cha kanisa.

Naye mtawala afanyeje? Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, yaagiza mfalme ajiandikie nakala ya sheria ya Mungu na kuisoma maisha yake yote, asije akajiona mkubwa kuliko ndugu zake. Sheria humfunga yeye kwanza. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo ina Sura ya Sita juu ya uongozi na uadilifu, tena iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za zamani. Tumshukuru Mungu. Lakini karatasi njema nayo yataka mikono safi.

Ahabu aliposhuka kulitwaa shamba, Eliya alimkuta humo humo. Mungu hakumwuliza kama hati zimekamilika. Alimwuliza habari za damu. Hata hivyo Ahabu alipojinyenyekeza, Mungu aliahirisha hukumu. Mlango wa toba u wazi. Lakini Zakayo atufundisha kwamba toba ya aliyedhulumu ni kurudisha. Ndugu msikilizaji, kama kesho utaletewa barua ya namna ile uitie sahihi, utajibu nini?

Tuombe. Ee Bwana, Mfalme wa haki, uwape viongozi wetu hofu yako, na sisi tulio na madaraka madogo utupe ujasiri wa kukataa uovu. Uwakumbuke waliopoteza urithi wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.