Chipu ya Stardust katika koti la mitumba

Nimepotea majuma kadhaa; kazi zilinibana, na stima ya hapa Laini Saba mnaijua. Leo nimerudi na jambo lisilo na msimbo hata mstari mmoja. Au labda unao, tutaona tukifika mbele.

Mwezi Julai, baridi ilipoanza kuuma, nilienda soko la Toi kutafuta koti. Nikapata moja zito la kijivu. "Mia nne, boss, na ni kwa sababu ni wewe," akasema muuzaji, tukashuka hadi mia tatu. Nilipofika nyumbani nikatia mkono katika mfuko wa ndani, nikakuta umetoboka, na kulikuwa na kitu cha mviringo kilichoteremka hadi kwenye pindo la koti. Nikakitoa kwa kisu cha jikoni. Kilikuwa na upana wa karibu sentimita 4, na kizito kuliko plastiki. Nyanya alikitazama akasema ni kete ya drafti, na kwamba huko ng'ambo kuna mtu anacheza na kifuniko cha soda kwa sababu yangu.

Ilikuwa chipu ya kasino. Dola 1, Stardust, Las Vegas.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Ukisema chipu mtaani kwetu, mtu anatafuta tomato. Ukimwambia mtu wa kompyuta, anafikiria silikoni. Hii ninayoizungumzia ni kile kisahani ambacho kasino humpa mchezaji badala ya pesa. Unatoa noti dirishani, unapewa visahani, unacheza navyo, na ukimaliza unavirudisha upewe noti. Kama vimebaki.

Usiku ule nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa fani yangu angefanya: niliacha kazi ya watu nikaanza kusoma. Stardust ilifunguliwa Julai 2, 1958. Ilifungwa Novemba 1, 2006, na Machi 13, 2007, kabla hakujakucha, jengo lake refu lililipuliwa kwa baruti watu wakitazama. Sasa angalia kalenda vizuri. Machi 6, 2007, juma moja tu kabla ya mlipuko huo, Safaricom ilikuwa imezindua M-Pesa. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Juma lile huko Las Vegas jumba zima la pesa za kushika mkononi lilikuwa linageuka vumbi, na huku kwetu pesa zilikuwa zinaanza kuwa ujumbe kwenye simu. Hakuna uhusiano wowote kati ya mambo haya mawili, najua. Lakini nilikaa nayo kichwani usiku kucha.

Kilichonivutia zaidi ni sheria. Kanuni za jimbo la Nevada zinasema chipu ni ushahidi wa deni: kasino inadaiwa na yeyote anayeishika. Lakini kisahani chenyewe si mali yako, ni mali ya kasino. Yaani wewe unamiliki ahadi, na wao wanamiliki kitu ambacho ahadi imeandikwa juu yake. Kasino ikitaka kuondoa aina fulani ya chipu hutangaza, watu hupewa muda wa kuja kubadilisha, na muda ukiisha deni limekufa. Chipu zinazorudi huvunjwavunjwa. Zile ambazo hazikurudi, zilizosahaulika kwenye makoti na droo, ndizo wakusanyaji wanazitafuta.

Haya, ule mstari wa msimbo niliowaahidi ndio huu. Sisi waandishi wa programu tunatumia kitu cha namna hiyo hiyo kila siku, tunakiita tokeni. Ukiingia kwenye akaunti yako, seva haikumbuki sura yako. Inakupa tokeni, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu, na kila ukirudi unaionyesha. Seva ikiamua kuifuta, unabaki umeshika herufi tupu. Tokeni za stima nazo ni ndugu yake. Tarakimu 20 kwenye simu yako zina maana kwa mita moja tu, ya kwako. Hata hizo zina mwisho: mfumo wake ulihesabu dakika kuanzia mwaka 1993 na nafasi ya kuhesabia ikajaa Novemba 24, 2024. Ndiyo maana mita za nchi nyingi zililazimika kusasishwa kabla ya siku hiyo.

Kisa kizuri cha kufutwa kwa tokeni ni cha Bellagio, kasino nyingine ya Las Vegas. Desemba 14, 2010, kijana mmoja aliingia akiwa na helmeti ya pikipiki na bastola, akazoa chipu za dola milioni 1.5, akatoka, akapanda pikipiki, akatoweka. Wizi safi kabisa. Shida yake ilianza baada ya hapo. Miongoni mwa chipu hizo zilikuwamo za dola 25,000 kila moja, na kasino ikatangaza kwamba aina hiyo haitatumika tena baada ya Aprili 22, 2011. Jamaa akabaki na utajiri wenye tarehe ya kuoza. Ilibidi atafute wanunuzi haraka, na mmoja wa wanunuzi alikuwa polisi. Tayari wakati huo kasino ya Wynn, iliyofunguliwa 2005 mtaa huo huo, ilikuwa inatumia chipu zenye kidude cha redio ndani, kile cha RFID, ambacho husomwa mezani na dirishani. Chipu ya namna hiyo ikiibwa, kazi ni kufuta namba yake kwenye hifadhidata tu.

Msicheke sana. Sisi Wakenya tumewahi kufanyiwa hivyo, nchi nzima. Juni 1, 2019, Siku ya Madaraka, ilitangazwa kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakufa Septemba 30 mwaka huo. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni 7 hazikuwa zimerudi, thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 7. Noti zile leo ni kama chipu yangu.

Na kuna mfano wa zamani zaidi ambao naupenda, kwa sababu pale kasino na serikali zinafanana mno. Mwaka 1888 kampuni ya kibiashara, Imperial British East Africa Company, ilitoa sarafu zake yenyewe. Ile ndogo ya shaba, peisa, ina picha ya mizani na jina Mombasa. Fikiria hilo: kampuni inakuja pwani yako, inakupa visahani vyenye jina la mji wako, inakuambia fanya biashara navyo. Ahadi ni ya kampuni. Kufikia 1895 kampuni ilikuwa imeshindwa, na Julai 1 mwaka huo Uingereza ikatangaza himaya yake badala yake. Peisa hizo bado huuzwa kwa wakusanyaji, na sioni tofauti kubwa kati yake na chipu ya Stardust, isipokuwa kwamba waliopewa chipu ya Stardust waliingia mlangoni kwa hiari yao.

Kabla ya chipu za udongo kuenea Marekani mnamo miaka ya 1880, wacheza kamari wa huko walitumia mbao, mifupa na pembe za ndovu. Zile za pembe zilichongwa maua kwa mkono, na leo ni ghali. Karne ile pembe nyingi zilizofika Marekani zilipitia Zanzibar. Misafara ilizileta Bagamoyo kutoka bara, mabegani mwa watu, halafu meli zikazipeleka hadi viwanda vya Connecticut vilivyotengeneza vitana na vibonye vya piano. Kwa hivyo mkusanyaji wa Nairobi asijaribu kuagiza chipu ya namna hiyo. Nchi hii ilichoma tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi Julai 1989, hapo tu ng'ambo ya Lang'ata, na anayekutwa na pembe haulizwi kama anakusanya historia.

Hizo za udongo si udongo mtupu, ni mchanganyiko uliokandamizwa kwa joto na nguvu. Uzito wake ni kati ya gramu 8 na 11 hivi. Mkusanyaji huanza kuangalia ukingo kabla ya jina. Yangu ina alama za kofia ndefu na fimbo zikizunguka uso wake, na hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya Paul-Son, kiwanda kilichoanza Las Vegas mwaka 1963. Mwaka 2002 kiwanda hicho kiliungana na Wafaransa wa Bourgogne et Grasset, waliokuwa wakitengeneza jetoni huko Beaune tangu 1923. Halafu unaangalia mabaka ya rangi pembeni, na kama ncha bado ni kali au zimelika kwa kusuguliwa mezani. Usiioshe kwa sabuni (nyanya alikuwa ameshaiosha). Chama cha wakusanyaji huko Marekani kilianzishwa 1988, na wana vitabu vizima vinavyoorodhesha chipu kwa jina la kasino, rangi na alama ya ukingo. Kwa mtu anayeandika hifadhidata kwa riziki, inapendeza kuona watu waliopanga hivyo kabla ya kuwa na kompyuta ya maana.

Na za kwetu je? Sheria ya kamari ya Kenya ni ya 1966, ikadumu hadi ilipobadilishwa na sheria mpya mwaka 2025. Chini yake Nairobi ikapata International Casino pale Museum Hill, na Mombasa ikapata Golden Key huko Nyali. Majumba hayo yalikuwa na meza, suti na chipu zenye jina lake. Mtu wa Laini Saba alifika Museum Hill kwa mguu akipita kwenda kibaruani, akaiona taa, akaendelea na safari. Chipu zilizosahaulika zilisahaulika katika masanduku ya watalii na matajiri, si kwetu.

Kamari iliyotufikia sisi haikuwa na chipu. Mnamo 2016 na 2017 zile mashine za kamari kutoka Uchina zilijaa Kibera na Kawangware, nyuma ya maduka, pembeni mwa vinyozi, mahali popote penye soketi ya stima. Huko Nevada mashine zilianza kutumia tokeni maalumu mwaka 1965, dola za fedha zilipoadimika. Hapa hakuna aliyejisumbua kutengeneza tokeni. Zilimeza sarafu ya shilingi 20 yenyewe, hadi wenye maduka wakakosa chenji. Mwaka 2018 serikali ilizikamata kwa wingi ikazichoma hadharani.

Kaka yangu alicheza moja ya hizo, Kawangware. Mwaka 2017 nilikuwa nimepata nafasi ya chuo kikuu, sayansi ya kompyuta, na mama alikuwa amevuna zamu yake ya chama: shilingi 18,000 za kuninunulia laptop kuukuu. Kaka ndiye aliyejua fundi mjini, kwa hivyo alipewa yeye. Aliahidi Jumamosi, halafu Jumamosi nyingine. Siku alipokuja kusema, alikaa kizingitini, hakuingia. Baadaye nilipiga hesabu, kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu: sarafu 900, moja moja. Mwaka wangu wa kwanza niliandika programu kwa kalamu, nikaenda kuzijaribu saiba kwa shilingi moja kwa dakika. Mama hakulisema tena jambo hilo. Mimi nililisema mara nyingi, pengine kupita kiasi.

Wanasema chipu ilibuniwa ili mchezaji asahau kwamba anacheza na pesa, na ni kweli inasaidia. Kaka yangu hakuhitaji msaada huo. Alikuwa ameshika shilingi ishirini halisi, yenye kichwa cha rais, ya kununulia mandazi. Na walioihamishia kamari kwenye simu wameondoa hata hiyo sarafu. Kinachobaki ni ujumbe wa M-Pesa, nao simu ikijaa unaufuta. Mtu akija miaka hamsini ijayo kutafuta historia ya kamari ya mtaa huu kwa njia ya wakusanyaji, hatapata kisahani hata kimoja. Ndiyo sababu nimeiandika hapa.

Kaka alikuja Jumapili. Siku hizi ana kazi ya mjengo Ruaka na hachezi, au ndivyo anavyosema, na mimi nimeacha kuuliza. Aliiona chipu juu ya meza karibu na kompyuta, akaichukua, akaizungusha kati ya vidole kwa ustadi ulionishangaza. Akauliza ilikuwa ya pesa ngapi ilipokuwa hai. Nikamwambia dola moja, shilingi mia na ishirini na kitu.

"Na sasa?"

Nikamwambia haibadilishwi popote, lakini wapo wanaoinunua kwa zaidi ya hapo.

Akacheka kidogo, akairudisha mezani taratibu, uso juu. Halafu akauliza kama lile koti lina mfuko mwingine.