Punda aliyepakwa milia

Haya wadau, nimekuwa kimya wiki tatu, mniwie radhi. Sijafa wala sijadisko. Nilikabwa koo na insha moja ya historia, na kwa kuwa wengi mmekuwa mkiniuliza kwa nini natembea na daftari hadi kantini, leo nalitua hili zigo hapa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: chagua mji ambao hujawahi kuukanyaga, uandike historia yake kwa kutumia filamu. Wenzangu wakakimbilia Paris na Mumbai. Mimi nikachagua Tijuana, kule Meksiko, mpakani kabisa na Marekani. Sababu yangu ilikuwa ya kivivu: mwenzangu wa chumba alikuwa na filamu ya Traffic kwenye laptop yake. Nikaiangalia usiku mmoja, nikaandika kurasa sita za madawa ya kulevya, bunduki, risasi na askari wala rushwa. Karatasi ikarudi bila alama, ina sentensi moja tu ya wino mwekundu: "Na watu wa mji huu wanafanya kazi gani?"

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kutafuta, na nilichokipata kikanitia aibu. Kumbe ule mji niliouona kwenye Traffic siyo Tijuana!

Siyo kabisa, jamani. Filamu ile ya Steven Soderbergh ni ya mwaka 2000, na vipande vyake vya "Tijuana" vilipigwa Nogales, mji mwingine wa mpakani ulio mamia ya kilomita upande wa mashariki. Na lile jua la njano linalofanya kila kitu kionekane kama kimekaangwa? Ni kazi ya kamera. Hadithi ikiwa Meksiko, anga ni njano. Ikivuka kwenda San Diego, mwendo wa nusu saa kwa gari, rangi zinarudi kuwa za kawaida. Kana kwamba jua lenyewe linaonyesha pasipoti pale mpakani.

Nikarudi nyuma zaidi, kwenye Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958. Wanaosomea filamu wanaijua kwa ule mwanzo wake: zaidi ya dakika tatu kamera inatembea bila kukatwa, inalifuata gari lenye bomu hadi linavuka mpaka. Mji wenyewe ni wa kubuni, lakini kila mtu akiuona anafikiria Tijuana. Ulipigwa wapi? Venice, California, kitongoji cha Los Angeles. Na yule askari wa Kimeksiko ni Charlton Heston, Mmarekani mweupe aliyepakwa rangi usoni awe mweusimweusi.

Hapo kwenye kupakwa rangi ndipo nilipokumbuka punda. Kwenye barabara kuu ya watalii ya Tijuana, Avenida Revolución, kwa miaka mingi sana wamekuwepo punda wa kupigia picha. Mtalii anavishwa kofia pana, anakaa kwenye kigari, anapigwa picha, analipa. Tatizo, enzi za picha nyeusi na nyeupe, punda wale weupe walikuwa hawaonekani vizuri. Wenye punda wakachukua rangi nyeusi wakawachora mistari. Sisi hatuhitaji hata kuelezwa mzaha huu: punda akaondoka asubuhi punda, akafika kazini punda milia. Na bado wapo mpaka leo, ingawa picha zimekuwa za rangi siku nyingi.

Sasa basi, huyo punda ndiye aliyenipa kichwa cha insha yangu ya pili. Mji huu wote umepakwa milia kwa ajili ya kamera ya mtu mwingine.

Tuanze na mpaka wenyewe, maana una umri mdogo kuliko mnavyodhani. Meksiko ilipigwa na Marekani katika vita vya 1846 hadi 1848, ikapoteza karibu nusu ya ardhi yake, na mstari mpya ukapita kusini kidogo ya San Diego. Tijuana inahesabu kuzaliwa kwake tarehe 11 Julai 1889, siku familia mbili zilizokuwa zikigombea shamba zilipofikia mapatano. Mwaka 1900 palikuwa na watu wasiofika 300. Kijiji tu cha vumbi.

Mwezi Mei 1911, wakati wa mapinduzi ya Meksiko, waasi wafuasi wa Ricardo Flores Magón walikiteka kijiji hicho, wakakishikilia hadi Juni. Ninachokipenda (au kinachonichefua, sijui) ni kwamba watu wa upande wa Marekani walisimama kwao wakaangalia mapigano kama sisi tunavyoangalia mechi. Yaani hata kabla Hollywood haijakomaa, Tijuana ilishakuwa ya kutazamwa.

Kisha likaja jambo lililoubadili mji. Kuanzia 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima, hadi 1933. Unajua mwenyewe mwenye kiu anafanyaje. Baa zikaota Tijuana kama uyoga. Mwaka 1928 likafunguliwa Agua Caliente, yaani Maji Moto: hoteli, kasino, chemchemi za kuogea, na mwaka uliofuata uwanja wa mbio za farasi. Wenyewe walikuwa Wamarekani, wakishirikiana na Abelardo Rodríguez, gavana wa huko ambaye baadaye alikuwa rais wa Meksiko. Nyota wa Hollywood walishuka kila mwisho wa wiki. Ndani ya kumbi hizo alikuwa akicheza dansi na baba yake binti mmoja mzaliwa wa Brooklyn aitwaye Margarita Cansino. Kwa umri wake, California isingemruhusu kwenye kumbi za pombe. Tijuana ilimruhusu. Watu wa filamu wakamwona pale, wakambadilisha nywele, wakamwondolea jina la Kihispania, akawa Rita Hayworth. Naye akaja kuolewa na nani? Orson Welles. Huyohuyo.

Mwaka 1935 Rais Lázaro Cárdenas akapiga marufuku kamari, kasino ikafungwa. Majengo yakachukuliwa na serikali, yakawa shule. Hii sehemu niliisoma mara tatu. Watoto wa Tijuana walikaa kusoma mahali ambapo matajiri walikuwa wakipoteza dola zao. Mengi yamebomoka, lakini ndani ya eneo la shule bado umesimama mnara kama wa msikiti, umepambwa vizuri. Msijaribu kutafuta mwadhini. Lilikuwa bomba la kutolea moshi, wakaliremba ili wageni wasione moshi unatoka wapi.

Na Titanic je? Nyie mliolia kwenye Titanic, meli ile ilizamishwa kwenye tangi kubwa la maji huko Rosarito, kusini tu ya Tijuana, kwenye studio iliyojengwa 1996. Jirani na studio kuna kijiji cha wavuvi, Popotla. Wakajengewa ukuta mrefu wa zege kuwatenga. Wakaupamba ukuta ule kwa takataka. Siongezi neno.

Turudi kwenye wino mwekundu: watu wanafanya kazi gani? Tangu 1942 Marekani ilikuwa inachukua vibarua wa Meksiko kwa mkataba, kwenda kulima mashamba yake. Mwaka 1964 ikafuta mpango huo, wanaume wakarudishwa, mpakani pakajaa wasio na ajira. Mwaka 1965 Meksiko ikaja na viwanda vinavyoitwa maquiladora: vipuri vinaingia bila ushuru, vinaunganishwa kwa ujira mdogo, bidhaa inavuka kwenda kuuzwa Marekani. Waajiri hawakuwaajiri sana wale wanaume. Walitaka wasichana, wakidai wana vidole vyepesi na hawabishi. Tijuana ikaja kuwa moja ya sehemu zinazotengeneza televisheni nyingi kuliko mahali pengi duniani. Fikirieni hilo kidogo. Mmarekani amekaa sebuleni anatazama filamu inayosema Tijuana ni wauaji na malaya, na televisheni yenyewe imeunganishwa na mama mmoja wa Tijuana, zamu ya usiku.

Filamu iliyonikomboa inaitwa Maquilapolis, ya 2006, ya Vicky Funari na Sergio De La Torre. Hawa walifanya kitu rahisi: waliwapa wafanyakazi wa kike kamera, wakawafundisha kuzitumia, wakawaacha waandike shajara zao kwa picha. Mwanzoni wanawake wamesimama mahali wazi, wamevaa sare zao za bluu, wanarudia kwa mikono mitupu ile miondoko ya kiwandani. Hakuna mashine, hakuna kipuri. Mikono tu. Mmoja anatuonyesha nyumba yake, imejengwa kwa milango chakavu ya gereji iliyoletwa kutoka Marekani. Wapo waliokuwa na kiwanda kilichofunga virago kikaenda Indonesia bila kulipa mafao, na wakakipeleka mbele ya mahakama ya kazi hadi wakalipwa.

Halafu kuna Chilpancingo. Mtaa huu uko bondeni, chini ya tambarare ya viwanda. Juu kulikuwa na kiwanda cha Metales y Derivados, mali ya kampuni ya Marekani, kilichokuwa kinayeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi. Serikali ya Meksiko ilikifunga 1994. Mwenyewe akavuka mpaka akarudi kwao San Diego, akaacha maelfu ya tani za taka zenye sumu zikilala wazi. Mvua ikinyesha, maji yanateremka bondeni, kwa watu. Wenye mtaa na wanaharakati wa San Diego walipeleka malalamiko 1998 kwenye tume ya mazingira ya mkataba wa biashara wa Amerika Kaskazini. Mwaka 2002 tume ikakubali kwamba hatari ipo, lakini haikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu yeyote kusafisha. Wanawake wa Chilpancingo wakaunda kikundi, wakafuata ofisi moja baada ya nyingine, hadi 2004 serikali ikatia saini nao makubaliano ya kusafisha. Miaka kumi! Na ikasafishwa.

Mimi nilikuwa nimeandika kurasa sita kuhusu risasi, na hiyo iliyokuwa ikiingia kwenye damu ya watoto wa Chilpancingo sikuiona.

Sisemi mauaji ni hadithi za kutunga. Mwaka 2018 pekee waliuawa Tijuana zaidi ya watu 2,000, na hao nao wana mama zao. Lakini mji huo una watu karibu milioni 1.9, na wengi wao asubuhi wanagombania basi la kwenda kazini. Watu hao ungewatafuta kwenye filamu ngapi kabla ya kuwapata?

Insha ya pili nimeirudisha juzi, kurasa kumi na moja, sijui itakuwaje. Mwenzangu wa chumba anasema nimemharibia Traffic, sasa kila akiona anga la njano anacheka. Maquilapolis anayeitaka aje na flashi, chumba kilekile, ila tafadhali asije saa ya ugali.